Tom Mboya: Waziri aliyeamua fedha za Kenya ziende wapi kwanza

KILA mwezi wa Juni bajeti ya taifa inaposomwa, huzuka mabishano ambayo Wakenya wameyazoea kama mvua za masika. Mkazi wa Turkana huuliza ni kwa nini lami huishia mbali na kwao. Mkulima wa Kericho au Nyeri naye hujibu kuwa majani chai na kahawa yake ndiyo yanayoliletea taifa fedha za kigeni, hivyo hakuna haki ya ng'ombe anayekamwa kunyimwa majani. Serikali iliyoko mamlakani huilaumu iliyoitangulia, nayo iliyoitangulia huulaumu ukame, bei ya mafuta na wakopeshaji wa ng'ambo.

Wachache miongoni mwa wanaobishana hukumbuka kwamba hoja hizo zimetimiza miaka sitini na ushei, na kwamba yupo mtu aliyeziweka katika maandishi kwa hesabu ya pauni, akazifikisha Bungeni na kuzitetea mbele ya mahasimu wake. Mtu huyo ni marehemu Thomas Joseph Mboya.

Mboya hutajwa zaidi kwa mambo mawili, yaani ndege zilizowapeleka vijana masomoni Marekani, na risasi zilizomkatia maisha jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 38. Hayo mawili yana utamu na uchungu wake, na ndiyo maana simulizi nyingi huishia hapo. Lakini lipo la tatu, lisilo na picha wala vilio, ambalo limegusa maisha ya Wakenya wengi kuliko hayo mawili yakiwekwa pamoja. Nalo ni uamuzi kuhusu sehemu gani ya nchi ilishwe kwanza na ipi ingoje.

Alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilimambogo, karibu na Thika. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria aliyefika huko kutafuta kazi na hatimaye akawa nyapara wa vibarua. Hivyo Tom alikulia mbali na kwao, miongoni mwa watoto wa makabila mbalimbali, akizungumza Kikamba, Kiswahili na Kikuyu pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Shamba la mkonge halikuwa mahali pa kumfunza mtoto ndoto kubwa. Lakini lilimfunza mapema kwamba mshahara una mipaka, na kwamba shilingi ikienda huku haiendi kule.

Alisoma Kabaa huko Ukambani, akaenda Yala, kisha akajiunga na shule ya Kikatoliki ya Mang'u. Karo ilipokosekana, safari ya darasani ikakoma. Babake alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na mshahara wa nyapara haukuweza kuwatosha wote. Mtu anaweza kusema kwamba huo ndio uliokuwa mjadala wa kwanza wa bajeti katika maisha ya Mboya, na aliyeshindwa alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1948 alijiunga na chuo cha Jeanes huko Kabete kusomea kazi ya ukaguzi wa usafi, kazi ambayo wananchi waliiita ya bwana afya, kwa sababu kwake mafunzo yalikuwa ya bure na mwanafunzi alipewa posho kidogo. Alipohitimu aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo alikuta kuwa mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, ijapokuwa wote walipima maziwa yale yale na kukagua mabucha yale yale. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia katika maabara akiwa na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ubaguzi wa rangi, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini kilichomsukuma Mboya kuchukua hatua kilikuwa tofauti ya mishahara. Aliwaunganisha wafanyakazi wenzake wa baraza katika chama, na kufikia mwaka wa 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, akiwa na umri wa miaka 23. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku, na viongozi wengi wako vizuizini. Chama cha wafanyakazi kikawa ndicho kinywa cha pekee kilichosalia wazi.

Wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, Mboya alisafiri hadi pwani, akawashawishi warudi kazini huku madai yao yakisikizwa, kisha akaingia katika chumba cha mazungumzo akiwa amebeba takwimu za kodi ya nyumba, bei ya chakula na gharama ya maisha. Wafanyakazi walipata nyongeza ya kuridhisha. Waajiri wakatambua kwamba kijana huyu hakuwa wa kupiga kelele tu. Alikuwa na desturi moja ambayo msomaji anafaa kuikumbuka hadi mwisho wa makala haya: hakukubali ahadi ya mwajiri isiyokuwa na kiwango na tarehe ya kulipwa.

Miaka iliyofuata ilienda mbio. Alisoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin mjini Oxford, akazuru Marekani mwaka wa 1956, akarudi na kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957 kuwakilisha Nairobi. Mwishoni mwa 1958 alikuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra, nchini Ghana. Machi 1960 sura yake ikawa kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka huo huo chama cha KANU kilipoundwa, yeye akawa katibu mkuu wake.

Katikati ya hayo kulikuwa na suala la elimu ya juu. Serikali ya kikoloni ilisisitiza kuwa uwezo wa kuwasomesha Waafrika wengi ng'ambo haukuwepo. Mboya hakubishana nayo sana kuhusu hilo. Alikwenda kutafuta fedha kwingine. Kwa ushirikiano na marafiki zake Wamarekani, wakiwemo mchezaji Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, alichangisha fedha, na Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwabeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 baada ya serikali ya Marekani kusitasita. Miongoni mwa waliofaidika na mpango huo alikuwemo Wangari Maathai. Kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo alikuwa amewalipia wengine nauli.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, hali ya hazina haikuwa ya kusherehekewa. Tangu mwaka wa 1960, walowezi na wafanyabiashara wengi waliohofia serikali ya Waafrika walikuwa wakihamisha mitaji yao. Ujenzi ulikuwa umezorota. Serikali mpya ilihitaji ruzuku ya Uingereza hata kugharimia shughuli zake za kawaida. Wakati huo huo wasiokuwa na ardhi walikuwa wakidai ardhi, wasiokuwa na kazi walimiminika Nairobi, na wazazi walikumbuka kwamba manifesto ya KANU iliahidi elimu ya msingi bila malipo. Kila mmoja alikuwa na haki. Fedha za kutosheleza haki hizo zote hazikuwepo.

Nani alaumiwe? Kwa miezi michache ya kwanza jibu lilikuwa rahisi: mkoloni. Lakini lawama kwa mkoloni, hata ikiwa ya kweli, haikuweza kujenga zahanati. Kufikia mwishoni mwa 1964 wabunge wa KANU wenyewe walikuwa wamegawanyika. Bildad Kaggia, aliyekuwa waziri msaidizi wa elimu, alikuwa amepoteza wadhifa wake kwa kushikilia kwamba watu hawafai kutozwa fedha ili kurudishiwa ardhi waliyonyang'anywa. Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga na mbunge Pio Gama Pinto walitaka serikali ishike usukani wa uchumi moja kwa moja. Upande wa pili, Rais Jomo Kenyatta na mawaziri wake wengi waliogopa kwamba kutaifisha mali kungewafukuza wenye mitaji waliosalia.

Desemba 1964 Mboya aliteuliwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Wadhifa wake wa awali ulikuwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, na kazi yake kubwa huko ilikuwa kuivunja katiba ya majimbo na kuleta ya jamhuri, iliyorudisha mamlaka na mapato yote Nairobi. Wengi huzitazama kazi hizi mbili kana kwamba hazihusiani. Zinahusiana sana, kama tutakavyoona.

Pinto aliuawa kwa kupigwa risasi Februari 24, 1965 nje ya nyumba yake Nairobi. Inasimuliwa hadi leo kwamba alikuwa akiandaa waraka wa kupinga sera za uchumi za serikali. Miezi miwili baadaye, Aprili 1965, serikali ilichapisha Waraka Nambari 10 wa mwaka huo kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Rais Kenyatta aliuandikia utangulizi. Wizara iliyouandaa ilikuwa ya Mboya, na miongoni mwa waliosaidia kuuandika hutajwa mwanauchumi kijana aliyeitwa Mwai Kibaki na mshauri wa Kimarekani, Edgar Edwards.

Licha ya neno ujamaa kuwekwa katika jalada lake, waraka huo ulikuwa wa tahadhari. Ulisema kuwa Kenya haingefuata upebari wa Magharibi wala ukomunisti wa Mashariki. Ulisifu demokrasia na jukumu la kila mtu kwa mwenzake, mambo uliyosema yalitokana na mila za Kiafrika. Kisha ukaingia katika kiini chake: nchi maskini haiwezi kugawana kisichokuwepo. Ni sharti uchumi ukue haraka, na mengine yafuate.

Kuhusu kutaifisha, hoja yake ilikuwa kwamba serikali ikitumia fedha chache ilizo nazo kununua kiwanda kilichopo, mwishowe itakuwa na kiwanda kile kile, na hakuna ajira mpya itakayokuwa imepatikana. Kuhusu ardhi, waraka ulionya kuwa fedha za kununulia mashamba ya walowezi, ambazo nyingi zilikuwa mikopo ya Uingereza iliyohitaji kulipwa, zingezaa zaidi kama zingetumiwa kuendeleza ardhi katika maeneo ya Waafrika yaliyokuwa yamepuuzwa. Hapo Mboya alikuwa akisema jambo ambalo wanasiasa wengi wa wakati huo hawakuthubutu kulitamka hadharani.

Lakini sehemu iliyoacha alama kubwa zaidi ni ile iliyoeleza fedha za maendeleo zielekezwe wapi. Waraka ulipendekeza ziwekezwe mahali zitakapoongeza pato la taifa kwa kiwango kikubwa zaidi. Yaani mahali penye udongo mzuri, mvua ya kutosha, barabara, reli na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Hata mfano wa hesabu uliwekwa. Pauni milioni moja zikiwekezwa katika eneo moja huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000 kwa mwaka. Zikiwekezwa katika eneo la pili huenda zikaongeza pauni 100,000. Basi afadhali ziende eneo la pili, kwa sababu taifa litapata faida ya ziada ya pauni 80,000, na kutokana na faida hiyo litaweza kulisaidia eneo la kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Hesabu hiyo haina kosa. Mtu yeyote mwenye duka angeikubali. Tena si kweli, kama wengine wanavyodai, kwamba Mboya alipanga maeneo kame yasahaulike. Mfano wake una sehemu mbili, na sehemu ya pili inasema bayana kwamba aliyetangulia kula atamletea aliyengoja.

Kasoro iko kwingine. Waraka haukueleza ni nani angezibeba zile pauni 80,000 kutoka eneo la pili hadi la kwanza. Haukutaja kiwango, haukuweka tarehe, wala haukupendekeza sheria ambayo ingemshurutisha waziri wa baadaye kutimiza sehemu hiyo. Yule kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa akidai kila kitu kiandikwe kabla ya wapagazi kurejea bandarini, sasa alikuwa ameketi upande wa mwajiri, akitoa ahadi ya aina ile ile ambayo zamani angeikataa. Na kwa kuwa majimbo yalikuwa yameshavunjwa, kwa mkono wake mwenyewe, wakazi wa maeneo yaliyotakiwa kungoja hawakubaki na chombo chochote cha kudaia haki yao. Walikuwa na wabunge wachache, Nairobi ilikuwa mbali, na barabara yenyewe ilikuwa mbovu.

Waraka haukukosa wapinzani. Mmoja wao alikuwa rafiki wa Mboya, mwanauchumi Barack Obama, ambaye mwanawe angekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka wa 2009. Katika makala aliyochapisha Julai 1965 kwenye jarida la East Africa Journal, Obama alihoji jinsi waraka ulivyolishughulikia suala la mali nyingi kuwa mikononi mwa wageni na watu wachache, na akapendekeza ardhi iendelezwe kupitia ushirika wa koo badala ya kila mtu kuwa na hati yake. Makala hayo yalijadili hoja kwa hoja bila matusi, jambo ambalo lingefaa kuigwa na wengi wa wanaobishania uchumi siku hizi.

Bungeni, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Waraka ulipitishwa bila taabu kubwa, kwa kuwa kila upande ulijiona umepewa neno ulilolipenda. Walioegemea mrengo wa kushoto walisikia ujamaa, walioegemea wa kulia wakasikia mali ya mtu binafsi. Haukupita muda mrefu kabla ya ukweli kujulikana. Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, ambao Mboya alikuwa mmoja wa wapangaji wake wakuu, cheo cha Odinga chamani kiligawanywa. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama kipya cha KPU, pamoja na Kaggia. Katiba ikabadilishwa upesi ili wabunge waliohama chama walazimike kurudi kwa wapigakura, na wengi wao wakapoteza viti. Kuanzia hapo, kuhoji namna serikali ilivyotumia fedha kulianza kufananishwa na uhaini. Hilo nalo ni deni ambalo Mboya hawezi kuondolewa, kwa kuwa akili yake ndiyo iliyotumika sana katika kuwafungia wenzake mlango.

Je, sera yenyewe ilizaa matunda? Kwa kipimo alichojiwekea, naam. Katika mwongo wa kwanza wa uhuru uchumi wa Kenya ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia sita kwa mwaka. Wakulima wadogo wa Kiafrika, waliokuwa wamezuiwa kwa miaka mingi kupanda mimea ya biashara, walienea katika kilimo cha chai na kahawa, na nyumba za mabati zikachipuka katika vijiji vya milimani. Mwaka wa 1967 Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa majira, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kusini mwa Sahara, kwa kuwa Mboya na maafisa wake waliona kwamba idadi ya watu ikikua mbio kuliko pato, shule na hospitali hazingeweza kutosha hata uchumi ukifanya vyema.

Kwa wakazi wa kaskazini, simulizi ni tofauti. Miaka ile ile ambayo waraka uliwataka wangoje, serikali ilikuwa ikipigana vita vya Shifta katika mkoa wa Kaskazini Mashariki, vilivyodumu hadi 1967. Fedha za serikali zilizofika huko zilifika zikiwa katika sura ya magari ya kijeshi. Mifugo, ambayo ndiyo benki ya mfugaji, iliangamia au kutwaliwa. Kwa hivyo eneo ambalo hesabu ya mwaka 1965 ililiweka nyuma, vita vililirudisha nyuma zaidi, na mwaka uliofuata hesabu hiyo hiyo ilipopigwa tena, pengo likaonekana kubwa kuliko mwanzo. Huo ndio ubaya wa kanuni ya kumpa aliye mbele: kila mwaka humkuta yuko mbele zaidi.

Mwaka wa 1967 pia, jirani zetu wa Tanzania walitangaza Azimio la Arusha na kutaifisha benki na viwanda vikuu. Wakenya waliopenda kulinganisha walipata la kusema kila siku. Kwa miaka mingi iliyofuata, kuporomoka kwa uchumi wa Tanzania kulitumiwa Nairobi kuthibitisha kwamba Mboya alikuwa sahihi, na pengo kati ya tajiri na maskini wa Kenya likatumiwa Dar es Salaam kuthibitisha kinyume chake. Kila mmoja alitazama kidonda cha mwenzake.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, Mboya alikuwa anatoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, alipopigwa risasi. Alifariki muda mfupi baadaye, akimwacha mjane wake Pamela, bintiye Walter Odede, na watoto wao wadogo. Nairobi na Kisumu ziliwaka kwa hasira. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia na kunyongwa mwezi wa Novemba mwaka huo. Obama, yule rafiki aliyekosoa waraka, alikuwa miongoni mwa mashahidi waliotoa ushahidi. Swali la iwapo muuaji alitumwa, na nani, halikupata jibu mahakamani. Kabla ya mwaka kwisha, KPU kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Hivyo Mboya hakuishi kuona iwapo sehemu ya pili ya mfano wake ingetekelezwa. Alihudumu katika wizara ile kwa chini ya miaka mitano. Wanaomtetea husema, na kuna haki katika maneno yao, kwamba haifai kumtwika marehemu makosa ya miaka arobaini iliyofuata. Waliomrithi waliupenda ule ukurasa uliosema fedha ziende kwenye mapato mengi, hasa kwa kuwa mara nyingi ndiko kulikokuwa na mashamba yao na wapigakura wao. Ukurasa wa pili waliufunga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, waliomrithi ndio wenye lawama kubwa zaidi. Lakini aliyetoa ahadi bila kuiwekea dhamana naye ana fungu lake, hasa akiwa mtu aliyejua kuliko Wakenya wote wa kizazi chake jinsi dhamana inavyoandikwa.

Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliichunguza Kenya na kuonyesha kwamba ukuaji wa uchumi haukuwa umeondoa umaskini wala kuziba pengo baina ya maeneo na baina ya watu. Ujumbe huo pia uliitambua kazi ya mafundi na wachuuzi wa sekta ambayo sisi tunaiita jua kali. Serikali ilikubali mengi kwa maneno. Fedha ziliendelea kufuata njia iliyozoeleka.

Kwa mzaha wa historia, yule mwanauchumi kijana aliyehusishwa na uandishi wa waraka ndiye aliyekuja kuufunga mlango wake. Mwai Kibaki, akiwa Rais, aliunda wizara ya maendeleo ya kaskazini mwa Kenya na maeneo kame mwaka wa 2008. Agosti 27, 2010 aliidhinisha katiba inayorudisha mamlaka na fedha mashinani kupitia kaunti 47, na inayotenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka katika Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kiwango hatimaye kikawa kimeandikwa. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale nayo ikakamilika, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Fedha za Hazina hiyo, kwa upande wake, zilitoka kwa kusuasua, huku wanasiasa na mahakama zikibishania ni nani mwenye mamlaka ya kuzitumia.

Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha babake. Kaburi lake liko ndani ya jengo lililochongwa mfano wa risasi, na humo mna picha za vijana wakipanda ndege kuelekea Marekani. Nje yake, vilima vya kisiwa vimebaki vipara kwa kukatwa miti, udongo umemomonyoka, na mvua hutegemewa kwa wasiwasi. Wenyeji wengi huishi kwa kuvua samaki. Kwa miaka mingi walivuka kwenda Mbita kwa mashua, hadi tuta lilipojengwa katika miaka ya themanini, na daraja likafuata baadaye. Mtu akichukua kipimo cha mwaka 1965, cha udongo, mvua, reli na umeme, Rusinga ilikuwa miongoni mwa mahali palipotakiwa kungoja.